Waogiek wa Mlima Elgon na safari ndefu ya kudai ardhi ya mababu

UKIWA mjini Kitale asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajatanda, Mlima Elgon huonekana waziwazi upande wa magharibi. Ukiwa Bungoma, mlima huo huo huuona upande wa kaskazini. Kwa wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia na wale wa miwa na kahawa wa Bungoma, Elgon ndio mleta mvua. Kwa serikali, ni mojawapo ya chemchemi tano kuu za maji nchini Kenya, pamoja na msitu wa Mau, Mlima Kenya, Aberdare na milima ya Cherangany.

Lakini kwa jamii ndogo ya Waogiek wa Chepkitale, mlima huo si chemchemi ya maji tu wala kivutio cha watalii. Ni nyumbani. Huko ndiko walikozikwa mababu zao, ndiko walikotundika mizinga ya nyuki na kulisha ng'ombe wao tangu enzi ambazo hakuna mzee aliye hai anayeweza kuzihesabu.

Kwa takribani karne moja sasa, jamii hiyo imekuwa ikisukumwa huku na huko. Imeondolewa msituni kwa jina la kuhifadhi mazingira, ikapewa mashamba ambayo baadaye yaligeuka uwanja wa vita, kisha ikarudi mlimani na kuitwa mvamizi. Swali linaloikabili ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: Je, watu waliokuwa wakiishi msituni kabla msitu huo haujatangazwa kuwa hifadhi ni wenyeji au ni wavamizi?

WAOGIEK NI NANI?

Waogiek ni miongoni mwa jamii za kale za wawindaji na warina asali katika nyanda za juu za Kenya. Lugha yao ni ya kundi la Kalenjin. Wengi wao wanaishi katika msitu wa Mau, na wengine katika Mlima Elgon. Sensa ya 2019 iliwahesabu Waogiek 52,596 kote nchini, katika taifa lililokuwa na zaidi ya watu milioni 47.

Kwa muda mrefu wameitwa Wandorobo, jina lililotokana na neno la Kimaasai la kuwataja watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Wenyewe hawalipendi jina hilo. Isitoshe, haliwafai wale wa Elgon, kwani wao ni wafugaji pia. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wao hulishwa katika mbuga za nyasi zilizo juu ya msitu wa mianzi, mahali penye baridi kali pasipostawi mahindi.

Majirani zao wa karibu ni Wasabaot, ambao ni Kalenjin pia, na ambao baadhi yao huitwa Wakony. Inaaminika kuwa jina Elgon lilitokana na hao Wakony. Chini zaidi kuna Wabukusu, ambao huuita mlima huo Masaba, na Wateso. Mara nyingi Waogiek wa Chepkitale huitwa Mosop, yaani watu wa juu, nao Wasabaot wa mabonde ya chini huitwa Soy. Maneno hayo mawili, ambayo asili yake ni kutofautisha tu mwinuko wa makazi, yalikuja kumwaga damu.

Kwamba Elgon ulikuwa na wenyewe si hadithi ya kubuni. Mvumbuzi kutoka Uskoti, Joseph Thomson, alipofika huko mwaka wa 1883 aliwakuta watu wakiishi ndani ya mapango ya mlima huo pamoja na mifugo yao. Mapango hayo yapo hadi leo. Lililo maarufu zaidi ni Kitum, ambamo ndovu huingia gizani usiku na kukwangua kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi.

MLIMA UNAOLISHA MBALI

Elgon ni volkeno iliyozimika kitambo. Kilele chake cha juu, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina urefu wa meta 4,321. Mpaka wa mataifa haya mawili unapita juu ya mlima.

Maji yake huenda mbali. Mto Nzoia, unaopata maji kutoka Elgon na Cherangany, hupita Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega hadi Ziwa Victoria, na mafuriko yake ndiyo ambayo kwa miaka mingi yamewahamisha wakazi wa Budalang'i. Mto Suam huteremka upande wa kaskazini na kugeuka Turkwel, ambako bwawa lililokamilika 1991 huzalisha umeme wa megawati 106, kisha maji yakaendelea hadi Ziwa Turkana.

Kwa sababu hiyo, hoja ya kuuhifadhi msitu wa Elgon haiwezi kupuuzwa. Ukikatwa, watakaoumia si wa mlimani peke yao, bali pia mvuvi wa Turkana na mkulima wa Busia. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliutambua upande wa Kenya kuwa hifadhi ya viumbe ya kimataifa mwaka wa 2003 na upande wa Uganda 2005. Mzozo haupo katika kuuhifadhi msitu au kutouhifadhi. Upo katika nani auhifadhi, na ni nani alipe gharama yake.

ARDHI ILIVYOONDOKA MIKONONI

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya ukoloni iligawa mashamba makubwa ya Trans Nzoia kwa walowezi wazungu, wakiwemo wanajeshi waliostaafu. Reli ilifika Kitale 1926, na mji huo ukawa kitovu cha mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Jamii zilizokuwa zikichunga nyanda hizo zilisukumwa zipande mlima au zikageuzwa vibarua katika ardhi iliyokuwa yao.

Mwaka wa 1932 mambo mawili yalitokea. Kwanza, msitu wa Elgon ulitangazwa kuwa msitu wa serikali. Pili, Uingereza iliteua Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya uenyekiti wa Sir Morris Carter ili isikilize malalamiko ya Waafrika kuhusu ardhi. Kwa jamii za msituni, pendekezo la tume hiyo lilikuwa pigo: Wandorobo, ilisema, wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa wanayofanana nayo. Maana yake ni kwamba hawakuhesabiwa kuwa watu wenye ardhi yao wenyewe. Waliokuwa wachache walitakiwa wamezwe na waliokuwa wengi.

Waogiek wa Elgon walibaki Chepkitale, katika nyasi za juu zilizohesabiwa kuwa eneo la wenyeji kwa kuwa hakuna mlowezi aliyezitamani. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, eneo hilo lilikuwa ardhi ya jamii iliyoshikiliwa kwa dhamana na baraza la wilaya. Dhamana hiyo ndiyo iliyokuja kuvunjwa.

Mashamba ya walowezi nayo hayakurudi kwa waliofukuzwa. Mengine yalinunuliwa na kampuni na vyama vya wananchi kutoka sehemu mbalimbali za nchi, na mengine yakawekwa chini ya Shirika la Ustawi wa Kilimo, ADC, lililoundwa 1965. Mwenye pesa alinunua. Asiyekuwa nazo alibaki kuyatazama kutoka mlimani.

KUTOKA CHEPKITALE HADI CHEBYUK

Mwaka wa 1968 Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon ilianzishwa. Katika kipindi hicho serikali iliamua kwamba wakazi wa Chepkitale washuke. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kuhifadhi wanyama na misitu, na pia kuwasogeza watu karibu na shule, hospitali na barabara. Kuanzia 1971, sehemu ya msitu upande wa kusini ilifunguliwa ili wapewe mashamba. Mahali hapo paliitwa Chebyuk.

Kwenye karatasi mpango ulionekana wa haki: mlima kwa wanyama, Chebyuk kwa watu. Lakini tangu mwanzo ulikuwa na kasoro. Ardhi haikupimwa vyema wala hatimiliki kutolewa kwa wakati. Baadhi ya Waogiek, waliozoea ufugaji, hawakuvumilia maisha ya shamba dogo, wakarudi Chepkitale. Wengine waliwauzia au kuwakodishia majirani sehemu zao. Wasabaot wa Soy, ambao nao walikuwa wamepoteza ardhi wakati wa ukoloni, waliingia kwa wingi na kulima. Chebyuk ni eneo lenye rutuba, na viazi, vitunguu, kabeji na mahindi yake hupata wanunuzi tele katika soko la Chwele.

Serikali ilipojaribu kurekebisha mambo iliyazidisha. Awamu ya pili ilifuata ya kwanza, kisha ya tatu. Katika kila awamu orodha za majina zilibadilika na wanasiasa waliahidi kuwatetea hawa dhidi ya wale. Mtu aliyeishi mahali kwa miaka 20 aliweza kuambiwa kwamba shamba lake limepewa mwingine.

Kufikia 2006, awamu ya tatu ilikuwa imegawiwa familia 1,732, kila moja ikipata ekari 2.5. Nafasi ziligawanywa nusu kwa nusu baina ya Mosop na Soy. Waombaji walikuwa wengi kuliko mashamba, na maelfu waliokuwa tayari wakiishi hapo walijikuta nje ya orodha.

FAHALI WALIPOPIGANA

Kutokana na hasira hiyo lilizuka kundi la SLDF, lililojitangaza kuwa mtetezi wa ardhi ya Wasabaot, likiongozwa na Wycliffe Matakwei Komon. Lilianza kama upinzani dhidi ya ugawaji wa Chebyuk, lakini halikuchukua muda kugeuka kuwa utawala wa kutisha. Liliwatoza wakazi kodi, likaendesha mahakama zake na kuwakata masikio waliothubutu kulipinga. Waathiriwa wa kwanza walikuwa Mosop, lakini baadaye hakuna aliyesalimika, awe Mbukusu, Mteso au Msabaot mwenyewe.

Katika ripoti yake ya Julai 2008, shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kuwa zaidi ya watu 600 waliuawa na kundi hilo. Makumi ya maelfu walitoroka makwao, wengi wakikimbilia Kitale, Bungoma, Kimilili na Cheptais.

Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika operesheni iliyopewa jina Okoa Maisha. Mei mwaka huo Matakwei aliuawa na kundi likasambaratika. Wakazi wengi walishukuru kwamba hatimaye waliweza kulala. Hata hivyo, amani hiyo ilikuwa na bei yake. Wanaume walikamatwa kwa mamia na kupelekwa kuchunguzwa, na mashirika ya haki za binadamu yalidai kuwa wengi waliteswa na wengine hawakuonekana tena. Jeshi lilikanusha madai hayo.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Waliobeba mzigo mzito zaidi ni wanawake. Mke ambaye mumewe alichukuliwa, iwe na wapiganaji au na maafisa wa usalama, hakuwa mjane wala hakuwa mke. Pasipo mwili hakuna mazishi, na pasipo cheti cha kifo hawezi kurithi shamba, kufungua akaunti ya marehemu wala kudai fidia. Sheria ya Kenya humruhusu mtu aliyetoweka kuchukuliwa kuwa amefariki baada ya miaka saba, lakini ni mama wangapi wa Kopsiro au Cheptais wenye nauli na karo ya watoto na bado wakabaki na pesa za wakili?

Kesi ilifikishwa pia katika Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha. Mwaka wa 2011 mahakama hiyo ilikubali kuisikiliza, lakini 2012 kitengo chake cha rufaa kiliitupilia mbali kwa msingi kwamba iliwasilishwa baada ya muda uliowekwa kupita. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, nayo iliwasikiliza waathiriwa wa eneo hilo. Mapendekezo yake mengi yalibaki kwenye kurasa.

UCHUMI: MALI IPO, NJIA HAKUNA

Umaskini wa Waogiek haukutokana na ukosefu wa mali. Asali yao husifika, maziwa hupatikana, na nyasi za Chepkitale hulisha mifugo hata kiangazi kinapoukausha uwanda wa chini. Tatizo ni kwamba mali hiyo imo katika ardhi ambayo kwa miongo mingi sheria haikuwatambua kuwa wenyewe.

Matokeo yake yanaeleweka kwa urahisi. Serikali haijengi shule wala zahanati mahali inapodai hapapaswi kuwa na watu. Mtoto wa Chepkitale anayetaka kusoma lazima ashuke akaishi na jamaa, au akose. Mama mjamzito hubebwa kwa saa nyingi kupitia njia za matope kabla ya kufika barabarani. Mfugaji hawezi kuomba mkopo wa benki kwa sababu hana hatimiliki ya kuweka dhamana. Nyumba iliyojengwa kwa mianzi na nyasi inaweza kuchomwa na askari asubuhi moja, jambo lililotokea mara kadhaa katika miaka ya 2000.

Wale walioteremka hawakupata nafuu kubwa. Ekari 2.5 zinazogawanywa kwa watoto sita hazibaki shamba. Ajira katika kaunti ya Bungoma ilipata pigo kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichokuwa kikitegemea miti ya misitu ya eneo la magharibi, kilipofunga milango 2009. Vijana wengi wa mlimani huishia kuwa vibarua katika mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, ambayo babu zao waliyachungia ng'ombe.

Pamoja na hayo kuna hasara isiyopimwa kwa pesa. Jamii ndogo inapotawanyika katikati ya jamii kubwa, lugha yake ndiyo hutangulia kufa. Maarifa ya miti ya dawa, ya majira ya kurina asali na ya njia za msituni hufunzwa kwa kutembea pamoja na wazee. Hayana darasa jingine.

MAZINGIRA: MLINZI NI NANI?

Hoja kuu ya kuwaondoa Waogiek imekuwa kwamba binadamu huharibu msitu. Historia ya Elgon inaonyesha kuwa jambo hilo linahitaji kuchunguzwa zaidi.

Sehemu iliyopoteza miti mingi zaidi ni Chebyuk, nayo ilifyekwa kwa idhini ya serikali ili kuwapa makao waliotolewa kwingine kwa jina la kuhifadhi. Katika misitu ya kupandwa, mfumo wa shamba, unaowaruhusu wakulima kupanda chakula katikati ya miche ya miti, umepigwa marufuku na kurejeshwa mara kadhaa, na kila ulipolegea usimamizi mahindi yalibaki na miche ikatoweka. Miti mikubwa ya podo na mierezi imekuwa ikikatwa na wafanyabiashara wenye misumeno na malori, vitu ambavyo mrina asali hana.

Mfugaji wa Chepkitale ana sababu yake ya kuulinda msitu: bila miti hakuna maua, na bila maua hakuna nyuki. Jamii hiyo imeandika sheria zake za kimila kuhusu matumizi ya ardhi. Zinakataza uchomaji makaa, ukataji miti kwa biashara na uuaji wa ndovu. Vijana wake wamekuwa wakishika doria na kuwakamata wachoma makaa wanaopenya kutoka nje.

Hili halimaanishi kwamba hakuna hatari. Idadi ya watu na mifugo ikiongezeka bila mpango, nyasi zitaisha hata mikononi mwa watu wenye nia njema. Lakini kuna tofauti kati ya kumwekea mwenye nyumba masharti na kumfukuza nyumbani kwake.

Suala hilo lilijitokeza kwa uchungu Januari 2018 katika msitu wa Embobut, milima ya Cherangany, upande wa pili wa Kitale. Mwanajamii wa Sengwer, jamii nyingine ya msituni, aliuawa kwa kupigwa risasi wakati wa operesheni ya walinzi wa misitu. Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukifadhili mradi wa kulinda chemchemi za maji za Cherangany na Elgon, ulisimamisha fedha zake mara moja. Mradi wa kuokoa maji ulikuwa umekwama kwa sababu ya kuwasahau watu.

SAFARI YA MAHAKAMANI

Mwaka wa 2000, kwa notisi katika gazeti rasmi la serikali, Chepkitale, eneo la takribani hekta 17,000, liligeuzwa kutoka ardhi ya dhamana kuwa hifadhi ya wanyamapori. Baraza lililokuwa likiishikilia ardhi hiyo kwa niaba ya wananchi ndilo lililoikabidhi. Wakazi walidai hawakuulizwa.

Katiba ya 2010 iliwapa silaha mpya. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii inajumuisha ardhi ya mababu na ile iliyokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilieleza namna ya kuisajili.

Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek wa Mau kwa kuwafurusha. Majaji walikataa hoja kuwa jamii hiyo ndiyo iliyosababisha kuharibiwa kwa msitu huo. Juni 23, 2022, mahakama hiyo iliagiza walipwe fidia ya Sh157,850,000 na ardhi yao itambuliwe rasmi.

Kisha zamu ya Elgon ikafika. Septemba 26, 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ilibatilisha hatua ya mwaka 2000 ya kuigeuza Chepkitale kuwa hifadhi, kwa kuwa haikufuata sheria wala kuwashirikisha wakazi. Kwa mara ya kwanza, mahakama ya nchi yao wenyewe, katika mji unaoutazama mlima huo, iliwaambia kwamba hawakuwa wavamizi.

Hata hivyo, hukumu si hatimiliki. Waogiek wa Mau wanalijua hilo vyema: Novemba 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya ushindi wao wa pili Arusha, mamia ya wakazi wa Sasimwani katika kaunti ya Narok walibomolewa nyumba zao.

MAJIRANI NA WALIO MBALI

Upande wa Uganda wa mlima huo huo, jamii ya Wabenet imepitia njia inayofanana. Mwaka wa 1983 serikali ilitenga hekta 6,000 za msitu kwa ajili yao, lakini ugawaji ulivurugika na ardhi kuwaendea watu wengine. Elgon ilipotangazwa kuwa mbuga ya taifa 1993, waliobaki ndani waligeuka wahalifu. Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Mbale iliwatambua kuwa wenyeji wa kihistoria wa eneo hilo, lakini kuondolewa kwao kuliendelea miaka iliyofuata.

Hata taifa tajiri kuliko yote halijakwepa mkasa kama huu. Wanavajo wa Marekani walitembezwa kwa nguvu na wanajeshi mwaka wa 1864 hadi kambi ya Bosque Redondo, New Mexico. Mwaka wa 1868 walitia saini mkataba na kuruhusiwa kurudi katika sehemu ya ardhi yao. Leo eneo lao, lililoenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, lina ukubwa wa karibu kilomita mraba 70,000.

Lakini kurudi hakukumaliza dhiki. Katika miaka ya 1930 serikali iliwapunguzia kondoo na mbuzi kwa nguvu, ikidai wanasababisha mmomonyoko wa udongo. Kuanzia 1944 hadi 1986 madini ya urani yalichimbwa katika ardhi yao, na zaidi ya migodi 500 iliachwa ikiwa imetelekezwa, sumu yake ikiingia katika maji na miili ya watu. Familia nyingi bado huteka maji kwa magari kwa kuwa hazina mifereji. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba mkataba wa 1868 hauilazimu serikali kuchukua hatua za kuwatafutia maji.

Funzo kwa Chepkitale ni kwamba ardhi ni mwanzo tu. Jamii inaweza kurudishiwa ardhi na bado ikakosa maji, shule na sauti katika maamuzi yanayoihusu.

LIPI LIFANYIKE?

Wataalamu wa ardhi na viongozi wa jamii wamekuwa wakitaja hatua ambazo hazihitaji tume nyingine. Ya kwanza ni kutekeleza hukumu ya Bungoma kikamilifu: mipaka ya Chepkitale ipimwe, jamii isajiliwe chini ya sheria ya 2016, na masharti ya uhifadhi yaandikwe katika makubaliano baina ya wakazi, kaunti na mashirika ya misitu na wanyamapori.

Ya pili ni kumaliza suala la Chebyuk kwa haki, pasipo kuwapokonya Wasoy wanaoishi huko ili kuwafurahisha Wamosop, wala kinyume chake. Pande zote mbili zilipoteza ardhi kwa mkono uleule. Ya tatu ni kuwapa wake na watoto wa waliotoweka vyeti vya kifo bila gharama, ili waweze kurithi walichoachiwa. Ya nne ni huduma: shule, zahanati na njia ya kufikisha maziwa na asali sokoni.

Gharama ya kutofanya hivyo imekwisha kuonekana. Uamuzi uliofanywa ofisini mwaka wa 1968 bila kuwauliza wakazi wa Chepkitale ulizaa Chebyuk. Ugawaji mbovu wa Chebyuk ulizaa SLDF, na SLDF ikazaa makaburi na wajane wasiokuwa na makaburi. Ahadi ni deni, na deni hili limepitishwa kutoka serikali moja hadi nyingine kwa zaidi ya nusu karne.

Mlima Elgon utaendelea kuwapa maji Trans Nzoia, Bungoma, Busia na Turkana. Wanaoyanywa maji hayo wana haki ya kutaka msitu ulindwe. Nao wanaoishi kwenye chemchemi yake wana haki ya kuulizwa utalindwa vipi.